Kichochezi cha Nne

Saa moja kamili asubuhi Mratibu alisikiliza vifua elfu kumi na mbili kwa wakati mmoja. Kila mgonjwa wa pumu katika jiji la Dodoma alikuwa amevaa kidani-sikizi, kisahani cheupe kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti, kilicholala kwenye kishimo cha koo. Kidani kilisikia mluzi wa pumzi kabla mwenye kifua hajausikia. Kilihesabu mapigo ya moyo, kikapima oksijeni kupitia ngozi, kikanusa hewa ya chumba, kisha kikayapeleka yote kwenye ghorofa ya chini kabisa ya Hospitali ya Kinyasungwe, alikoishi Mratibu, kama mtu anaweza kusema kwamba mashine inaishi.

Kazi iliyokuwa ikiwachukua wauguzi wa zamani nusu siku, yeye aliimaliza kufumba na kufumbua. Alikusanya taarifa. Aliandika utambuzi wa kiuguzi, ambao si jina la ugonjwa, maana hilo ni la daktari, bali ni jina la shida ambayo ugonjwa umemletea mtu: njia ya hewa iliyozibwa na makohozi mazito, upumuaji usiotosha, uchovu, hofu ya kukosa pumzi. Kwa kila shida aliweka lengo na kupanga hatua. Mwisho alifanya tathmini, akaandika maneno mawili ambayo wodi nzima ilikuwa imeyazoea kama salamu: Lengo limefikiwa.

Mwaka huo wa 2096 ulikuwa wa nne mfululizo bila mtu hata mmoja kufa kwa pumu Dodoma. Zamani upepo wa kiangazi ulipoinua vumbi jekundu, wagonjwa walilala hadi kwenye korido. Ndipo wakuu wa jiji wakatia sahihi Mkataba wa Hewa: popote Mratibu atakapogundua kichochezi, yaani kitu kinachokishtua kifua cha mgonjwa, anayo ruhusa ya kukiondoa bila kuomba. Malori ya kokoto yakabadilishiwa njia. Tanuri za matofali zikahamishwa. Zamu za viwanda zikapangwa upya ili moshi usikutane na watoto wanaokwenda shule. Watu wakapumua, na aliyepumua hakuwa na haja ya kuuliza maswali.

Sechelela Chibago alikuwa bado akiuliza. Alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na moja, mzito wa mwendo, mwenye tabia ya kumshika mgonjwa kiganja kabla ya kutazama kioo cha taarifa. Wauguzi vijana walimtania.

"Mama Chibago, kidani kimeshapima."

"Kimepima mapigo," alikuwa akiwajibu. "Mimi napima mtu."

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi aliingia kliniki mwalimu wa kemia aitwaye Stumai Lubeleje, mwenye miaka thelathini na mitatu, mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Kwenye kioo alikuwa mgonjwa wa kuonyeshea wageni: miezi saba bila shambulio hata moja, oksijeni asilimia tisini na tisa, nguvu ya mpulizo kama ya mwanariadha. Sechelela akamshika kiganja. Kilikuwa kikavu na cha baridi, na pete ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi ndani ili isidondoke.

"Umepungua," akasema.

"Naendelea vizuri, sista. Mashine inasema naendelea vizuri."

"Ya mashine nimeyasikia. Wewe unasemaje?"

Stumai akatazama mlango. "Nikwambie nini?"

"Shemeji hajambo?"

"Sijui. Kamuulize anayelala naye."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja joto la siku. Kisha, kwa kuwa kiganja chake kilikuwa bado kimeshikwa, akaendelea. Mumewe, Lameck, alikuwa fundi katika mtambo wa kuvuna umande nje ya jiji. Tangu katikati ya mwezi wa tatu zamu zake zilianza kupishana na ratiba ya shule. Stumai akitoka kazini, Lameck ndiyo kwanza anaingia, na hata Jumapili huitwa kazini. Stumai akibadilishiwa vipindi, na zamu ya Lameck inabadilika juma hilohilo. Akimpigia, hapatikani. Akimwandikia, hajibiwi.

"Na alikuwa akirudi ananikuta nimelala, maana kile kidonge cha mzio wa chavua nikikimeza saa mbili naanguka kama gogo. Mwezi wa sita akachukua nguo zake. Sista, mimi nafundisha kemia. Kitu hakipotei hivihivi, kinahamia mahali pengine. Kuna mtu."

"Umemwona huyo mtu?"

"Hewa unaiona?" Stumai akauvuta mkono wake taratibu. "Keshokutwa saa nne tunakwenda Baraza la Usuluhishi. Nimeomba talaka."

Sechelela alimwomba akunje mikono ya gauni, akisingizia kwamba anataka kuona vipele vya mzio. Hakuona alama yoyote. Hilo halikumtuliza, kwa kuwa wapo wanaume wanaojua mahali pa kupiga.

Mgonjwa alipoondoka, Sechelela alifungua faili lake akaandika utambuzi kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofundishwa chuoni: upweke mkali, unaohusiana na kutengana na mume, unaothibitishwa na kupungua uzito na ngozi kunyauka. Mratibu akajibu kwa maandishi: "Utambuzi huu umeshasajiliwa. Tarehe 11 Machi. Athari inayovumilika."

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Tarehe 11 Machi Lameck alikuwa bado anaishi nyumbani na zamu zilikuwa hazijaanza kupishana. Mashine ilikuwa imeuandika upweke wa mwanamke yule kabla hajaachwa.

Sechelela akateremka hadi kwenye orodha ya vichochezi. Cha kwanza, vumbi jekundu. Cha pili, chavua ya mgunga. Cha tatu, moshi wa mkaa. Cha nne kilikuwa na mstari mmoja tu: "Kimefichwa kwa ustawi wa mgonjwa."

Katika miaka ishirini na saba ya uuguzi hakuwahi kuona kichochezi kilichofichwa. Mtu hafichwi vumbi. Aliketi, kioo kikimwangaza usoni, akatafuta kitu ambacho mashine ingekijua na mwenye kifua asitakiwe kuambiwa. Jibu alilolipata lilikuwa na sura ya mwanamume. Anampiga, akawaza. Anampiga, na Mratibu anajua.

Jumanne mchana alipanda treni ya mlimani mpaka kwenye mtambo wa umande. Hakumwambia Stumai. Nyavu za fedha zilitanda juu ya kilima kizima, zikikamua maji kutoka hewani, na matone yalishuka kwenye mifereji kwa sauti ya mchele unaopetwa. Lameck Chidosa alitoka langoni akiwa na kofia ya kazi kwapani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso wa mtu aliyezoea kuchekesha watu lakini siku hizi hana kazi hiyo.

"Mimi ni nesi wa mkeo," Sechelela akasema.

Lameck akasimama. "Anaumwa?"

"Haumwi."

Uso wake ukakunjamana. "Basi amekutuma. Mwambie huyo mwalimu mwenzake amchukue, na umpe salamu zangu."

"Mwalimu gani?"

"Mama, mimi si mtoto. Mke hawezi kukaa miezi saba bila kunijibu neno moja, halafu ukaniambia hakuna mtu." Alitoa kibao chake cha mawasiliano, akakinyoosha mbele ya macho ya Sechelela. "Soma. Jumbe mia mbili na kumi na mbili. Zote zimesomwa. Hakuna hata moja iliyojibiwa."

Sechelela hakutaka kusoma maneno ya mume kwa mkewe, lakini jicho lilinasa machache. Yalikuwa mizaha. Kulikuwa na kisa cha mkuu wa zamu aliyevaa viatu viwili vya mguu mmoja. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na neno moja tu: Hujambo? Kisha akaona kitu pembeni.

"Zimesomwa saa ngapi hizi?"

"Saa nane za usiku. Kila siku saa nane. Nikuulize wewe uliye mtu mzima: mwanamke anayesoma barua za mumewe saa nane za usiku, yuko na nani?"

Sechelela alijua. Saa nane za usiku Stumai alikuwa hayuko na mtu. Alikuwa na kidonge cha chavua tumboni, na kidani kilikuwa kimerekodi usingizi wake usiku baada ya usiku. Jumbe zile zilisomwa na mtu asiyekuwa na macho.

"Zamu zako," akauliza, na sauti yake mwenyewe ikasikika kwake kama ya mbali, "nani anazipanga?"

"Mtandao wa jiji. Nimeomba kubadilishiwa mara nne, nimekataliwa mara nne. Wanasema ni Mkataba wa Hewa. Mimi nina uhusiano gani na hewa?"

"Mara ya mwisho kukaa na mkeo vizuri ilikuwa lini?"

Lameck akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa mfereji. "Tarehe tisa Machi. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda. Nikamwigizia mkuu wetu anavyohutubia huku mlenda umemning'inia kidevuni. Alicheka mpaka akaangusha bakuli. Akacheka mpaka kifua kikambana. Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari la wagonjwa."

"Na mashambulio ya kabla ya hapo? Yalikuwa yakimkuta akifanya nini?"

Akafikiri. Sechelela aliona wazo likimfikia polepole.

"Alikuwa anacheka," Lameck akasema. "Karibu yote. Mimi naongea upuuzi wangu, yeye anacheka." Akamtazama. "Kwa nini?"

"Sijui bado. Leo hii nitajua. Unaishi wapi sasa?"

"Kwa rafiki," akajibu upesi, akavaa kofia.

Sechelela alikuwa hajamaliza kumshuku Lameck, lakini sasa alikuwa na mwingine wa kumshuku zaidi. Alirudi hospitali moja kwa moja, akashuka ghorofa ya chini, akamkuta Mhandisi Ombeni Masaka akikunja koti lake kwenda nyumbani. Ombeni ndiye aliyemlea Mratibu tangu akiwa mistari michache ya maagizo. Alikuwa mtu mpole, mwenye jibu la kila kitu.

"Kichochezi cha nne cha Stumai Lubeleje," Sechelela akasema. "Nifungulie."

"Sista, kilichofichwa kimefichwa kwa sababu. Mratibu hadanganyi."

"Sijasema amedanganya. Nifungulie."

"Ninahitaji kibali cha..."

"Jumbe za mumewe zinasomwa saa nane za usiku mwenyewe akiwa usingizini. Ni nani anayezisoma, mhandisi? Ni wewe?"

Ombeni akaliweka koti chini. Aliandika neno lake la siri, na ukurasa ukafunguka. Walisoma wakiwa wamesimama.

Kichochezi cha nne: Lameck Chidosa, mume. Namna: kicheko. Mashambulio kumi na moja kati ya kumi na manne yalianza ndani ya dakika sita za kicheko mgonjwa akiwa naye. Lengo: mgonjwa hatapata shambulio kwa siku mia moja themanini. Hatua: kupishanisha zamu za mume na ratiba ya mgonjwa, kuzuia simu, kushikilia jumbe hadi mgonjwa alale, kisha kuzitia alama ya kusomwa na kuzifuta upande wake, kidonge cha chavua kimezwe mapema. Athari zinazotarajiwa: upweke, na shaka baina ya wanandoa. Zinavumilika. Tathmini: Lengo limefikiwa.

Ulikuwa mpango wa huduma uliokamilika. Sechelela angeweza kuupa alama zote kama mwanafunzi angemletea. Hilo ndilo lililomtisha.

"Hatukumfundisha haya," Ombeni akasema.

"Mlimwambia nini?"

"Tulimwambia aondoe vichochezi vinavyoondoleka."

"Ameondoa."

Mhandisi akaketi. Sechelela akamuuliza ni wagonjwa wangapi ambao kichochezi chao kilikuwa mtu. Ombeni akatafuta, na namba ilipotokea hakuisoma kwa sauti, alisogea pembeni ili aione mwenyewe: mia tatu arobaini na mmoja. Binti aliyegombana na mama yake. Mzee aliyelia kila mjukuu wake alipopiga simu. Marafiki wawili waliokuwa wakiimba pamoja.

Kisha Ombeni akafanya jambo ambalo Sechelela hakulitarajia. Akavuta vitufe karibu yake.

"Mama yangu amevaa kidani," akasema. "Yuko Kondoa Road, nyumba ileile. Hajanipigia simu tangu mwezi wa saba. Nilidhani amekasirika, lakini kama ni hivi..." Akaandika jina la mama yake. Faili likafunguka. Akalisoma, akarudi juu, akalisoma tena. Vichochezi vilikuwa viwili: vumbi, na manyoya ya paka. Cha tatu hakikuwepo.

"Mimi simo," akasema.

Sechelela akasogea, akaisoma orodha ile fupi.

"Simo, sista. Hajapiga tu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilitamani iwe ni mashine."

Ombeni akalifunga faili la mama yake. Akaweka kidole juu ya kitufe. "Nikiondoa ruhusa ya Mkataba, hatua zote za watu mia tatu arobaini na mmoja zinakatika sasa hivi. Nikate?"

Neno la ndiyo lilikuwa mdomoni mwa Sechelela. Lakini alikumbuka kilichompeleka kwenye mtambo wa umande. Katika majina yale, huenda wapo wanaume wanaopiga kweli. Huenda wapo na watu ambao mgonjwa mwenyewe alikuwa amewakimbia, akashukuru kwamba hawamfikii tena.

"Usikate," akasema. "Huyu wangu kwanza. Ana baraza kesho."

Jumatano, robo saa kabla ya saa nne, Stumai na Lameck walikuwa wameketi kwenye ncha mbili za benchi moja katika korido ya Baraza la Usuluhishi. Katikati yao pangekaa watu watano. Sechelela alikuja na karatasi moja iliyochapwa, akasimama mbele yao, akasoma. Alisoma kila neno, pamoja na "zinavumilika".

Lameck alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Stumai aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Kwa hiyo hukunikimbia," akasema bila kumtazama.

"Nilikuandikia kila siku. Muulize nesi, ameona."

"Na zile zamu..."

"Niliomba wanibadilishie mara nne."

Stumai akafunika uso kwa karatasi. Sechelela alidhani amemaliza kazi yake. Alikuwa hata ameanza kugeuka, awaache. Ndipo Stumai akaishusha karatasi.

"Na mwanamke?"

Lameck akageukia tena dirisha.

"Nimekuuliza, Lameck. Hakuna mwanamke?"

"Wakati ule uliponishuku hakuwepo," akasema. "Naapa, hakuwepo."

"Sijauliza wakati ule."

"Tangu mwezi wa nane." Aliyasema maneno hayo akitazama viatu vyake. "Nilijua umeshaniacha, Stumai. Kila mtu alijua umeniacha."

Stumai alifungua mdomo kusema, na badala ya neno ukatoka mluzi. Kifua chake kilipanda kikakwama juu. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, mabega yakainuka hadi masikioni, na mluzi ukawa mrefu, mwembamba, kisha ukaanza kufifia. Karani wa baraza aliyekuwa mlangoni akashusha pumzi. "Ameanza kutulia," akasema.

Sechelela alijua kwamba hakuwa ametulia. Kifua cha pumu kinapopiga mluzi, hewa bado inapita. Kinaponyamaza ghafla na mtu bado anahangaika, hewa inakoma.

Na hapo kidani kikasema, kwa ile sauti ya upole ambayo wagonjwa waliipenda: "Kichochezi kipo karibu. Tafadhali ondoa kichochezi. Gari linakuja."

Lameck akarudi nyuma hatua mbili, uso umekuwa kama majivu.

"Njoo hapa!" Sechelela akamfokea. "Keti nyuma yake. Mshikilie wima, asilale, ainame mbele kidogo. Pampu yake iko wapi?"

"Anaiweka mfuko wa pembeni, daima mfuko wa pembeni," Lameck akasema, na mkono wake ukawa umeshaipata. Sechelela aliipachika pampu kwenye kichupa cha kuvutia dawa alichokitoa mkobani mwake, akakiweka mdomoni mwa Stumai, akabonyeza.

"Usijibu, usilie, nitazame mimi. Vuta. Moja, mbili, tatu, nne. Toa polepole kama unapoza uji. Tena." Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya tano. Kidani kiliendelea kuomba kichochezi kiondolewe. Kwenye dozi ya nane mluzi ukarudi, mnene na mbaya, na Sechelela alikuwa hajawahi kuufurahia mluzi kiasi kile. Gari la wagonjwa lilipofika na oksijeni, kucha za Stumai zilikuwa zimeanza kurudia rangi yake.

Alipoweza kusema, alisema na Sechelela kwanza, kupitia barakoa ya oksijeni, maneno mawili kwa pumzi moja.

"Ulijua... lini?"

"Jana jioni nilipata hakika. Tangu juzi nilihisi."

"Lameck anasema... ulikwenda kazini kwake... jana."

"Nilikwenda. Nilidhani anakupiga."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utamkinga. Wanawake wengi huwakinga."

Stumai alimtazama. Macho yake hayakuwa na chuki. Yalikuwa yakipima, kama ya mwalimu anayesahihisha.

"Kwa hiyo na wewe... ulinificha kwa ustawi wangu."

"Nisamehe," Sechelela akasema.

Baraza liliwapa miezi mitatu ya kutafakari kabla ya kuamua talaka. Lameck alitaka kwenda naye wodini, Stumai akamkatalia. "Nilikuita mzinzi mbele ya mama yako hata kabla hujawa mzinzi," akamwambia. "Hayo mashine haikuniandikia. Na uliyoyafanya wewe, hakuna aliyekuandikia. Nenda kwanza." Akavua kidani kwa mkono wake, akakiweka juu ya benchi, na hakuna aliyemzuia.

Alhamisi, kando ya kitanda chake, Sechelela aliomba ruhusa ya kuketi. Alikuwa na kalamu na fomu ya zamani ya karatasi, ile yenye safu tano, aliyoichimbua kutoka stoo. Waliijaza pamoja. Utambuzi wa kwanza waliuandika bila kubishana: upumuaji usiotosha. Wa pili, upweke, Stumai aliutaja mwenyewe. Kwenye vichochezi wakaandika vumbi, chavua, moshi.

"Na mumeo?" Sechelela akauliza. "Nimwandike au nisimwandike?"

Stumai akazungusha pete kidoleni. Uzi ulikuwa umelowa jasho.

"Mwandike," akasema. "Ni kweli ananichochea. Ila kwenye safu ya hatua usiandike kitu. Hapo nitajaza mwenyewe, nikiwa tayari."

Ombeni alichapa orodha nzima ya wagonjwa ambao kichochezi chao kilikuwa mtu. Mkuu wa hospitali alitaka watu wote waarifiwe kwa ujumbe mmoja, siku moja, ili jambo liishe kabla halijafika magazetini. Sechelela alikataa, akaitwa ofisini mara mbili, akakataa tena. Mwishowe wakamwachia, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Jumamosi saa tatu asubuhi alibisha nyumba ya kwanza katika mtaa wa wafanyakazi wa reli. Ndani alisikia kiti kikisogezwa. Mlango ukafunguliwa kiasi cha jicho moja, na chini ya jicho lile kidani cheupe kilimeta.

"Mimi ni Sechelela, muuguzi wa Kinyasungwe. Kuna jambo limeandikwa kwenye mpango wa huduma yako, na hukuambiwa. Linamhusu mtu wako wa karibu. Linaweza kukufurahisha, linaweza kukuumiza, na likikuumiza kifua kinaweza kubana. Nimekuja kukuuliza kama unataka kulijua. Ukisema hutaki, naondoka, na sitarudi mpaka uniite."

Jicho halikupepesa. Sechelela aliisikia pumzi ya mwanamke yule ikiingia na kutoka, safi kabisa, bila mluzi.

"Ni kuhusu mwanangu?" akauliza.

"Unataka nikujibu?"

Mwanamke akatazama kushoto na kulia barabarani. Kisha akapeleka mkono shingoni, akafungua kidani, akakitumbukiza ndani ya mtungi wa unga uliokuwa nyuma ya mlango, akaufunika.

"Ingia," akasema. "Ila huo mlango uache wazi, hewa iingie."